Aliyeketi Ugenini na Siasa za Kwao

Miongoni mwa masuala yasiyokwisha kuzungumzwa mabarazani na majumbani mwetu ni hili: mtu aliyehama nchi yake, akaketi miaka mingi ugenini, akala chakula cha huko na akasema lugha ya huko, je, ana haki ya kunena juu ya siasa za kwao? Wako wasemao kwamba hana. Hoja yao ni kuwa alalaye ndani ya nyumba ndiye ajuaye panapovuja, na aliye mbali mvua ile haimpati. Wako pia wasemao kwamba anayo, tena kuliko waliobaki, kwani aliyetoka nje ndiye auonaye ukuta uliopinda, ilhali waliomo ndani wamekwisha uzoea.

Wasomaji wetu watukufu, suala hili si la barazani tu. Madola makubwa yamelitungia sheria, wala hayakuafikiana. Tuchukue mfano wa Marekani. Raia wa Marekani aishiye Tokyo, au Bangkok, au Jakarta, yampasa kila mwaka kuiarifu serikali yake juu ya pato lake lote, hata lile alilolichuma huko huko aliko. Huenda asilipe kodi kubwa, pengine asilipe kabisa, kwani sheria imeweka nafuu nyingi. Lakini hesabu lazima aitoe. Ni madola machache mno duniani yawafuatayo raia wao namna hii. Ama kuhusu kura, raia huyo anayo. Sheria ya mwaka 1975, kisha ile ya mwaka 1986 iliyochukua mahali pake, zimemhakikishia haki ya kupiga kura akiwa ng'ambo, na kura yake huhesabiwa katika jimbo alilokaa mwisho kabla ya kuondoka. Lakini hana mjumbe wake mwenyewe bungeni. Ufaransa imekwenda mbele zaidi, kwani tangu mwaka 2012 raia wake walioko nje wana wabunge 11 wanaowachagua wao wenyewe. Huku kwetu nako, Wakenya walioko katika baadhi ya nchi za nje walipata kupiga kura kwa mara ya kwanza katika uchaguzi wa mwaka 2013, baada ya katiba ya mwaka 2010 kulitaja jambo hilo.

Basi Mmarekani aliyeketi Asia hutoa hesabu ya pato lake na hupiga kura kama wenziwe. Usiku wa uchaguzi huko Washington ni asubuhi Tokyo, naye huanza kusikia matokeo akiwa na kikombe cha chai mkononi. Pamoja na hayo yote, siku afunguapo kinywa kusema neno juu ya siasa za kwao, jibu la kwanza alisikialo ni: wewe umetuacha, nyamaza. Kumbe sheria yaweza kumpa mtu kura, lakini haiwezi kuyapa maneno yake uzito. Je, uzito huo hutoka wapi? Hilo ndilo twapenda kulitazama mwezi huu, na tutalitazama kwa mfano wa mtu mmoja ambaye habari zake zimeandikwa na zajulikana.

Mtu huyo ni Bibi Pearl Buck, mwandishi wa Kimarekani, aliyezaliwa tarehe 26 Juni 1892 katika mji mdogo wa Hillsboro, jimbo la West Virginia. Wazee wake walikuwa wamisionari wa madhehebu ya Presbiteri wenye makazi Uchina, nao walikuwa wamerudi kwao kwa mapumziko tu. Mtoto akiwa bado mchanga wa miezi michache, walipanda meli wakarejea naye. Akakulia katika mji wa Zhenjiang, kando ya mto mkubwa wa Yangtze. Yaya wake alikuwa Mchina, wenziwe wa kucheza walikuwa Wachina, na mmoja wa walimu wake alikuwa mzee wa Kichina aliyemfundisha maandishi ya nchi hiyo na hekima ya Confucius. Kichina alikijua utotoni pamoja na lugha ya wazee wake. Hata alipokuja kuandika kitabu cha maisha yake, kilichotoka mwaka 1954, alikipa jina lenye maana ya Dunia Zangu Kadhaa, kwani hakuwa na dunia moja.

Mwaka 1900, alipokuwa na miaka minane, waliinuka wapiganaji waitwao Boxers kutaka kuwafukuza wageni nchini. Mama yake akakimbia na watoto mpaka Shanghai, baba akabaki. Hapo mtoto akaonja kwamba katika nchi aliyoidhania kuwa ni kwao, wako wasiomtaka. Na kwa nini hawakumtaka? Hilo hakulifahamu siku ile. Alilifahamu baadaye, na kulifahamu kwake ndiko kulikomfanya awe mtu wa kusikilizwa.

Yafaa tueleze hali ilivyokuwa, kwani hapa ndipo penye kiini cha maneno yetu. Ugeni wa Mmarekani Uchina haukuwa sawa na ugeni wa Mchina Marekani. Tangu mkataba wa mwaka 1844, Mmarekani aliyefanya kosa katika ardhi ya Uchina hakuhukumiwa na hakimu wa Kichina wala kwa sheria ya Kichina. Alihukumiwa na konseli wa serikali yake mwenyewe. Alikuwa mgeni asiyeshikwa na sheria ya mwenyeji. Hali hiyo ilidumu hadi mkataba mpya uliotiwa sahihi tarehe 11 Januari 1943, yaani karibu miaka 100.

Na Mchina je, alipokwenda Marekani? Mwaka 1882 bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kuwazuia vibarua wa Kichina wasiingie nchini, na ya kuwanyima Wachina haki ya kuandikishwa uraia. Mara ya kwanza ilikuwa ni kwa miaka 10. Ikaongezwa mwaka 1892, kisha mwanzoni mwa karne ya 20 ikafanywa ya daima. Wafanyabiashara, walimu na wanafunzi waliachiwa mlango mdogo, nao pia waliupita kwa mahojiano marefu na udhalilifu. Wachina hao ndio waliokuwa wametoboa milima kupitisha reli ya kuelekea pwani ya magharibi. Kazi ilipokwisha wakaambiwa kuwa hawafai kuwa raia.

Basi tazama mizani ilivyokaa. Mmarekani aliingia Uchina apendapo, akajenga, akafundisha, akafanya biashara, na sheria ya mwenye nchi haimgusi. Mchina alipobisha hodi kwa Mmarekani, alifungiwa mlango kwa sababu ya ukoo wake. Wamarekani wengi walioketi Asia miaka ile hawakuiona dhuluma hiyo, au waliiona wakaipita. Walikaa katika nyumba zao nzuri, wakahudumiwa na watumishi, na walipozungumza siasa za kwao walizungumza bei ya pamba na ushuru. Kuketi ugenini peke yake hakumfungui mtu macho. Wako waliokaa miaka 40 wakarudi kama walivyokwenda.

Mwaka 1910 binti huyu alipelekwa Marekani kusoma katika chuo cha wanawake kilichoko Lynchburg, jimbo la Virginia, akamaliza mwaka 1914. Huko ndiko alikoishi katika nchi ya pasi yake kwa muda mrefu mara ya kwanza, naye alikuwa kama mgeni. Tena Virginia ya miaka ile ilikuwa na sheria za kuwatenga watu weusi na weupe katika shule na katika magari ya moshi. Binti aliyelelewa mikononi mwa Wachina alijikuta amerudi kwao mahali ambapo rangi ya mtu ndiyo imwambiayo akae wapi. Mama yake alipougua akarejea Uchina kumwuguza. Mwaka 1917 akaolewa na John Lossing Buck, mtaalamu wa kilimo, wakakaa miaka kadhaa katika sehemu za mashambani za Anhui, kwenye vumbi na njaa, akiingia majumbani mwa wakulima na kuzungumza na wake zao kwa lugha yao. Kisha wakahamia Nanjing, akafundisha chuoni.

Mwezi wa Machi 1927 vita vya wenyewe kwa wenyewe vikafika Nanjing. Askari walioingia mjini wakawashambulia wageni, wakapora nyumba zao, na baadhi ya wageni wakauawa. Bibi Buck, na watoto, na baba yake aliyekuwa mzee, walinusurika kwa sababu mwanamke mmoja maskini wa Kichina, jirani yao, aliwafungulia kibanda chake akawaficha humo. Manowari za Marekani na Uingereza zilikuwa mtoni, zikaupiga mji kwa mizinga. Tufikiri kidogo, ndugu zetu. Aliyemwokoa ni mnyonge asiye na kitu, ambaye lau angetaka kwenda Marekani kufanya kazi ya mikono yake, sheria ya Marekani ingemrudisha kutoka bandarini. Aliyenusuriwa hivyo, akishika kalamu, huandika juu ya watu wenye majina na sura anazozijua.

Naye aliandika. Haja pia ilimsukuma. Alikuwa na binti, Carol, aliyezaliwa mwaka 1920 na maradhi yaliyozuia akili yake isikue, na matunzo yake yalihitaji fedha nyingi. Riwaya yake iitwayo The Good Earth ilitoka mwaka 1931. Ni kisa cha Wang Lung, mkulima maskini wa Kichina, na mkewe O-lan, na ardhi yao. Miaka miwili mfululizo kitabu hicho kilikuwa miongoni mwa vile vilivyouzwa sana Marekani, na mwaka 1932 kikapata tuzo ya Pulitzer. Wamarekani waliozoea kumwona Mchina kama kitu cha kuchekwa katika michezo, walijikuta wakimhuzunikia mkulima ambaye shida zake ni zile zile za mkulima wa Kansas: ukame, deni, mtoto mgonjwa, na hofu ya kuipoteza ardhi. Twaona kwamba hilo nalo ni neno la siasa, ingawa halina jina la chama wala la rais.

Mwaka huo huo wa 1932, mwezi wa Novemba, alisimama New York mbele ya wanawake wengi wa kanisa lake, wale wale waliokuwa wakichanga fedha za kazi aliyoifanya mumewe na babake. Akawaambia kwamba amewaona wamisionari wenye kuwadharau watu waliotumwa kwao, wasiojua desturi zao wala kutaka kuzijua, wenye ubaridi wa moyo na ufinyu wa akili. Hakusema kwamba hapana aliye mwema. Baba yake mwenyewe alikuwa katika kazi hiyo. Alisema kwamba mtu hana haki ya kwenda nchi ya watu kufundisha, ikiwa hawapendi watu hao. Makelele yakawa makubwa, na mwaka 1933 akajiuzulu. Hatulitaji jambo hili kwa kushangilia aibu ya wengine, kwani kila umma una watu wake wa namna hiyo. Twalitaja kwa sababu hakuwasema kwa siri huko Nanjing ili wenyeji wampende. Alikwenda kwa wakubwa wake, akawaambia usoni, na akalipa kwa kuacha nafasi yake.

Mwaka 1934 akaondoka Uchina, wala hakurudi tena maisha yake. Akakaa Pennsylvania, akaolewa mara ya pili na Richard Walsh, mchapishaji wa vitabu vyake. Mwaka 1937 sinema ya riwaya yake ikatoka. Mkulima wa Kichina na mkewe walichezwa na wazungu, Paul Muni na Luise Rainer, waliopakwa rangi usoni. Bibi Anna May Wong, mwigizaji mashuhuri Mmarekani mwenye asili ya Kichina, hakupewa nafasi ya O-lan. Hata hadithi ya Wachina, wenyewe hawakuruhusiwa kuisimamia. Mwaka 1938 Bibi Buck akapewa tuzo ya Nobel ya fasihi, akawa mwanamke wa kwanza wa Marekani kuipata.

Mtu mwingine angetosheka hapo, akala heshima yake kwa utulivu. Yeye aliigeuza heshima hiyo kuwa silaha. Mwezi wa Novemba 1941, gazeti la New York Times lilipoandika juu ya uhalifu wa mtaa wa Harlem ukaao watu weusi, alipeleka barua ndefu, akaeleza kwamba mzizi wa mambo yale ni ubaguzi uwafungiao watu weusi milango ya kazi na ya maisha, na kwamba dola idaiyo kupigania uhuru wa mataifa haiwezi kuwanyima raia wake wenyewe uhuru huo. Barua hiyo ilitoka wiki chache tu kabla ya Marekani kuingia vitani mwezi wa Desemba. Hoja yake ilikuwa ni hoja ya mtu aliyeketi Asia: kwamba watu wa huko wayatazama mambo ya Marekani, wayasoma magazeti yake, na wamwona Mmarekani jinsi amtendeavyo mtu mwenye rangi nyumbani kwake, kabla hawajaziamini ahadi zake.

Vita vilipokwisha anza, Uchina ikawa rafiki wa Marekani katika kupigana na Japani, na bado sheria ya mwaka 1882 ilikuwapo. Wajapani wakaipata hoja nzuri katika propaganda zao: je, huyu rafiki yenu si ndiye asiyewaruhusu hata kukanyaga pwani yake? Bibi Buck na mumewe wakaingia katika kazi ya kuifuta. Bwana Walsh akaongoza kamati ya raia iliyoundwa kwa ajili hiyo, na mwezi wa Mei 1943 Bibi Buck akatoa ushahidi mbele ya kamati ya bunge. Waliopinga hawakuwa wachache, miongoni mwao vyama vya wafanyakazi na vya askari wa zamani. Hata hivyo sheria ikafutwa, na Rais Roosevelt akatia sahihi tarehe 17 Desemba 1943. Wachina wakapata haki ya kuandikishwa uraia.

Tusizidishe sifa. Aliyeifuta sheria si mwanamke mmoja. Haja ya vita ilifanya kazi yake, na wengi walisaidia. Tena mlango uliofunguliwa ulikuwa mwembamba mno. Hesabu ya Wachina walioruhusiwa kuhamia Marekani iliwekwa kuwa 105 tu kwa mwaka, nao walihesabiwa kwa damu, si kwa nchi, hata Mchina aliyezaliwa London alitiwa katika 105 hao. Ilibidi kungoja sheria ya mwaka 1965 ndipo hesabu za namna hiyo ziondolewe. Lakini mlango uliokuwa umefungwa kwa miaka 61 ulifunguka, na miongoni mwa mikono iliyousukuma ulikuwa mkono wa mtu aliyekulia upande wa pili wa mlango huo.

Wala hakuishia katika maneno. Mwaka 1949, alipoona kwamba mashirika ya kulea watoto yanawakataa watoto waliochanganya damu ya Asia kwa madai kwamba hawatapata wa kuwachukua, alianzisha Welcome House, shirika la kuwatafutia watoto hao wazazi. Nyumbani mwake mwenyewe alikwisha walea watoto kadhaa ambao si wa tumbo lake.

Je, nchi zake mbili zilimlipa nini? Marekani, polisi wa upelelezi wa FBI waliweka faili juu yake kwa miaka mingi, wakimshuku kwa maneno yake juu ya haki za watu weusi na wa Asia. Uchina nako, baada ya wakomunisti kushika serikali mwaka 1949, vitabu vyake vilishutumiwa, kwani hakuwasifu. Na kabla ya hapo, mwaka 1943, alikwisha andika kuonya juu ya maovu ya serikali ya Chiang Kai-shek, ambayo wakati huo Wamarekani wengi walikuwa wakiisifu. Mwaka 1972, Rais Nixon alipokwenda Beijing, Bibi Buck naye akaomba ruhusa aione tena nchi aliyokulia. Akanyimwa, akaambiwa kwamba vitabu vyake vimewapotosha na kuwatukana watu wa Uchina. Alikufa tarehe 6 Machi 1973, huko Vermont, akiwa na miaka 80. Akazikwa kwenye shamba lake la Pennsylvania, na juu ya jiwe la kaburi lake limeandikwa jina lake kwa maandishi ya Kichina, bila jina la Kiingereza. Leo nyumba ya Zhenjiang waliyokaa wazee wake ni mahali pa makumbusho yake.

Si kwamba hakukosolewa kwa haki. Mwaka 1933 mtaalamu mmoja wa Kichina, Kiang Kang-hu, alimlaumu hadharani kwamba ameionyesha Uchina kwa sura ya watu wa chini tu, na kwamba desturi nyingine hakuzieleza sawa. Alijibu kwamba hao wa chini ndio wengi wa nchi. Pengine alikuwa na haki, lakini lawama ile yatufundisha jambo: mgeni, hata akijua lugha na akiwa na mapenzi, asidhani kwamba amekuwa msemaji wa wenyeji. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Ndiyo maana twaona kwamba neno lake lenye nguvu zaidi halikuwa lile alilowaambia Wachina juu ya Uchina. Lilikuwa ni lile alilowaambia Wamarekani juu ya Marekani. Hapo alikuwa mwana wa nyumba, akisema juu ya mlango wa nyumba yake.

Sasa turudi kwenye suala letu: uzito wa maneno ya aliye mbali hutoka wapi? Katika maisha ya bibi huyu twaona mambo matatu.

La kwanza, alitumia kipimo kimoja kwa nchi zote mbili. Hakuwa miongoni mwa wale ambao wakishahama, kila cha kwao ni kibaya na kila cha ugenini ni chema. Wala hakuwa miongoni mwa wale ambao wakiwa mbali huifanya nchi yao pepo isiyo na dosari. Aliilaumu Marekani kwa kuwafungia watu mlango, na akailaumu serikali ya Uchina kwa kuwala watu wake. Mwenye kulaumu upande mmoja tu hana mizani, ana chuki.

La pili, alisema kwa gharama yake. Mtu aliye mbali aweza kuwachochea wenziwe waingie katika moto usiomfikia yeye. Hukaa salama, akawahimiza walioko nyumbani wapigane, na mambo yakiharibika yeye hufunga dirisha akalala. Maneno ya namna hii hayana uzito hata yakiwa ya kweli. Bibi Buck alipoteza nafasi, akashukiwa na serikali yake, na akanyimwa kuiona nchi aliyoipenda. Hapana awezaye kusema kwamba alinena kwa sababu kunena kulikuwa rahisi.

La tatu, aliuliza jambo ambalo mgeni peke yake ndiye awezaye kuliuliza vema: nchi yangu yawatendeaje watu wa nchi hii iliyonipokea? Kura, bei, ushuru na vyama, walioko nyumbani wavijua kuliko yeye. Lakini yule aliyefichwa kibandani na jirani maskini siku ya hatari, ana deni ambalo walioko nyumbani hawanalo. Deni hilo ndilo limpalo haki ya kusimama kwao na kusema: watu hawa nawajua, na sheria yetu juu yao ni dhuluma.

Katika nyumba nyingi za wasomaji wetu mna kiti cha mtu aliyeko mbali, Muscat, au Dubai, au London, au Toronto. Sauti yake hufika kwa simu kila wiki, na mara nyingi huja na maoni juu ya uchaguzi wetu, na bei zetu, na viongozi wetu. Pengine baba hukasirika, akasema: huyu hajui foleni ya hospitali yetu, atatwambia nini? Twaomba asikimbilie kumnyamazisha. Na amuulize: mwanangu, huko uliko umeona nini katika namna tunavyowatendea watu wa huko waliohamia kwetu, nao wanavyokutendea wewe? Sisi wa pwani tumepokea wageni tangu zamani, na watoto wetu ni wageni wa wengine. Akijibu hilo kwa insafu, atakuwa amewaletea walioko nyumbani habari ambayo gazeti la hapa haliwezi kuwapa.

Naye aliyeko mbali, kabla hajatuma maneno yake, na ajiulize kama angeyasema akiwa amekaa nao mkekani, kesho yake akaamka nao kuzisubiri taabu zake. Akiona kwamba angeyasema, basi na ayatume, wala asiogope kuambiwa kuwa amehama. Akiona kwamba asingeyasema, ni bora aulize kwanza hali ya mgonjwa, na ada ya shule ya watoto, na paa kama bado lavuja.